Gogo wa Ndalat: Mkunga Aliyekaa Darasani na Watoto Aliowazalisha



Katika gazeti hili la maadhimisho utasoma habari za wahubiri waliovuka mipaka kwa miguu, kwa baiskeli na kwa basi. Ni vema, tuwaheshimu. Ila nakuomba dakika chache tumkumbuke bibi mmoja ambaye hakujulikana kwa mimbari bali kwa dawati la shule. Anaitwa Priscilla Sitienei, wa kijiji cha Ndalat, Kaunti ya Nandi, kule Bonde la Ufa nchini Kenya. Watu walimwita Gogo. Ninyi ndugu zetu wa Dodoma msishtuke, wala asidhani mtu ni gogo la mti! Kwa Wakalenjin neno hilo ni bibi, nyanya, mama wa wote.

Gogo alizaliwa mnamo 1923 hivi, wakati wa ukoloni. Siku zile shule zilikuwa chache, na mtoto wa kike hakuhesabiwa kuwa wa darasani. Kazi yake ilikuwa nyumbani, maji, kuni, na kuwabeba wadogo zake. Sasa fikiria jambo hili. Biblia nzima katika lugha ya Kinandi ilitoka mwaka 1939. Hesabu mwenyewe: Gogo alikuwa msichana wa miaka kama 16. Neno la Mungu lilifika kwa lugha ya mama yake, akiwa kijana mwenye macho mazuri, lakini kitabu kwake kilikuwa kimefungwa kwa sababu hajui kusoma. Hata Biblia yetu ya Kiswahili, ile ya Union Version iliyotoka 1952, ilimkuta ni mtu mzima, bado vilevile.

Je, alikaa akilia? La hasha. Alishika kazi ya ukunga. Kwa zaidi ya miaka 65 aliwapokea watoto wa kijiji chake, mchana na usiku, jua na mvua. Ukisoma Kutoka sura ya kwanza utawakuta Shifra na Pua, wakunga wa Kiebrania, na Mungu hakuona haya kuandikisha majina yao. Mimi nasoma habari za Gogo pembeni ya habari zao.

Kenya ilifuta karo ya shule za msingi mwaka 2003. Mwaka uliofuata, mzee Kimani Maruge wa Eldoret aliingia darasa la kwanza akiwa na miaka 84, na dunia nzima ikashangaa. Naye alisema anataka kuisoma Biblia mwenyewe. Kisha mwaka 2010, Gogo akabisha hodi katika shule ya Leaders Vision pale Ndalat, akiwa na umri wa miaka kama 87. Mwanzoni walisita. Nani asingesita? Lakini walipoona nia yake, wakamfungulia mlango. Akavaa sare kama wenzake, akalala bwenini kama wenzake. Darasani walikuwemo vilembwe wake sita. Yaani si wajukuu, si vitukuu, bali vilembwe! Na baadhi ya wanafunzi wenzake aliwazalisha yeye mwenyewe kwa mikono yake.

Alipoulizwa sababu, hakuzungusha maneno. Alitaka kuisoma Biblia. Alitaka pia kuandika anayoyajua kuhusu ukunga na dawa za miti, yasije yakazikwa naye. Tena alitaka watoto wasiosoma waone haya kidogo. Aliwauliza mbona hawako shuleni, na wakimjibu kwamba umri umewapita, yeye anaonyesha sare yake. Hapo mtu atajibu nini jamani?

Wala hakuwa bibi wa kununa. Alisoma hesabu na Kiingereza, akaingia kwenye michezo, ngoma, maigizo na nyimbo. Wakati wa mapumziko watoto walimzunguka awasimulie hadithi na desturi za wazee. Mfaransa Pascal Plisson alitengeneza filamu ya maisha yake, nayo ikaitwa Gogo. Bibi wa Ndalat akajulikana mpaka Ufaransa, lakini akarudi darasani kwake. Alifariki nyumbani tarehe 16 Novemba 2022, akiwa na miaka 99. Alikuwa akijiandaa kwa mitihani.

Sasa, mpendwa, nikupeleke kwenye tawi lako. Tunaposema "fungua Biblia yako", hebu angalia viti vya nyuma. Yuko mama ambaye huifungua popote tu, kisha anamgusa mtoto aliye karibu amsomee. Mistari anayo kichwani mingi kuliko mimi mwenye cheti cha chuo cha Biblia. Ameomba, amefunga, amepika kwenye makongamano yetu yote, na sisi tumezoea kumwona hivyo. Tumemwambia kimoyomoyo kwamba umri umempita. Kumbe haujampita! Ni sisi tuliompita.

Imani ya Timotheo, Paulo anaifuata nyuma mpaka kwa bibi yake Loisi. Basi katika mwaka huu wa shukrani, kila tawi, upande wowote wa mpaka, litenge nusu saa baada ya ibada: kijana mmoja, bibi mmoja, Biblia yenye maandishi makubwa, na miwani kama inahitajika. Kijana amfundishe herufi. Bibi naye aulizwe: ushirika huu ulianzaje hapa, nani alifungua nyumba yake kwanza, mliimba nini? Kijana aandike. Maana historia nyingi ya ushirika wetu haimo katika mafaili ya ofisi. Imo vifuani mwa mama hawa, na wanaondoka mmoja mmoja.

Ukishasoma hapa, usifunue ukurasa mwingine kwanza. Mtafute bibi yako, umuulize kama angependa kusoma.