Umesota na Uko UK? Hawa Wanyama Hawaitishi Pesa ya Geti

Tuseme umeenda majuu kusoma ama kufanya kazi ya kutunza wazee. Siku ya off imefika, mfukoni ni kubaya, baridi ni ile noma. Usishinde kwa bedsitter ukiscroll. Toka nje, kuna vitu za kuona.

Kwanza toa simba kwa akili. Dubu na mbwa mwitu wa Uingereza waliisha zamani sana, watu waliwamaliza. Nyoka wa asili mwenye sumu ni mmoja tu, anaitwa adder. Waliobaki si wakubwa, lakini wengi unawaona bure.

Kama uko London, anzia Richmond Park. Kuna ayala zaidi ya 600 (ndiyo, yule wa Zaburi 42). Mfalme Charles I ndiye alifanya hapo kuwa mahali pa kuwawinda, 1637. Enda Oktoba, madume wakinguruma na kugongana pembe juu ya madem. Kaa mbali, angalau mita 50. Mbweha nao hata usiwatafute, mtakutana tu ukitoka shifti ya usiku, wakipekua takataka mtaani.

Sasa ile yangu kabisa ni Donna Nook, ufuo wa Lincolnshire. Novemba na Disemba sili wa kijivu hupanda nchi kavu kuzaa, na watoto ni weupe pe. Msimu mmoja huzaliwa zaidi ya 2,000! Wewe unasimama nyuma ya fensi, mama na mtoto wako hapo mbele yako. Kuchekesha ni kwamba jeshi la anga hutumia ufuo huohuo kufanyia mazoezi ya mabomu, na sili hawashtuki. Ni bure, isipokuwa umekuja na gari, hapo utalipia parking.

Puffin, yule ndege wa mdomo wa rangirangi, itabidi ulipe boti kutoka Seahouses hadi visiwa vya Farne. Huja kuanzia Aprili, na kufika Agosti wameshahepa baharini, so ukichelewa umechoma fare. Homa ya ndege ya 2022 iliua wengi hadi watu wakakatazwa kushuka visiwani, na ilichukua hadi 2024 kufunguliwa tena.

Kuna pia kindi mwekundu. Huyu anasukumwa nje na kindi wa kijivu aliyeletwa kutoka Marekani karne ya 19. Wa kijivu hubeba ugonjwa ambao yeye haumsumbui, lakini mwekundu unamuua. Kisiwa cha Brownsea, Dorset, hakina wa kijivu, ndiyo maana wekundu bado wako.

Rada ya kutembea: Uingereza ukiona kibao cha "Public Footpath" pita tu, hata kama ni shamba la mtu. Funga geti nyuma yako na uepuke ng'ombe wenye ndama. Scotland, sheria ya 2003 inakuruhusu kutembea karibu kila mahali bora usiharibu.

Lakini bahari usiichezee. Fuo za huko ni tambarare na maji yakianza kujaa yanakuzunguka kabla ujue. Februari 2004, huko Morecambe Bay, vibarua Wachina wasiopungua 21 walikufa maji usiku wakiokota kombe. Walikuwa wageni wakitafuta riziki, vile wewe uko. Angalia saa za maji kujaa na kupwa kabla utoke kwa nyumba, na ukikwama piga 999, useme unataka Coastguard.