Uimara na Shabaha: Bastola Mbili Mbele ya Jeshi la Marekani, 1870–1892

Historia ya silaha aghalabu huandikwa kwa kuanzia mwisho. Silaha iliyochaguliwa husifiwa kwamba ilistahili kuchaguliwa, na ile iliyoachwa husahauliwa pamoja na hoja zilizoitetea. Insha hii inarejea kwenye kisa kimoja ambacho hoja za pande zote mbili zilikuwa na uzito. Katika miaka ya 1870, Jeshi la Marekani lilikuwa na bastola mbili za kumpa askari wake mpanda farasi: moja ya kampuni ya Colt, mjini Hartford, na nyingine ya Smith & Wesson, mjini Springfield. Zote mbili zilibeba risasi sita katika silinda. Zote zilihitaji nyundo ivutwe nyuma kwa kidole gumba kabla ya kila mlio. Hata viwanda vyake vilikuwa katika bonde la mto mmoja, Connecticut, vikiwa vimetengana kwa kilomita 40 hivi. Jeshi lilitaka kujua mambo mawili: ipi itadumu zaidi, na ipi italenga vizuri zaidi. Maswali haya yanaonekana kuwa ya fundi. Tutakavyoona, majibu yake hayakutoka kwa fundi peke yake.

Ushindani huo usingeweza kutokea kabla ya mwaka 1869. Mwaka 1855 Rollin White alipata hataza ya silinda yenye chemba zilizotobolewa kutoka upande mmoja hadi wa pili, na haki ya kuitumia ikaangukia mikononi mwa Smith & Wesson. Kwa sababu hiyo, askari wengi wa Vita vya Wenyewe kwa Wenyewe vya 1861–1865 waliendelea kutumia bastola zilizoshindiliwa baruti na risasi kwa mbele, kisha kuwekwa fataki kwa nyuma. Hataza ilipokwisha muda wake, mlango ulifunguka kwa kila kiwanda. Smith & Wesson walitangulia kwa muundo wao uitwao Model 3, na mwaka 1870 jeshi likanunua bastola 1,000 za aina hiyo. Colt walijibu mwaka 1873 kwa bastola iliyotokana hasa na kazi ya William Mason, na jeshi likaagiza 8,000 kwa mkupuo wa kwanza.

Tofauti kati ya miundo hii miwili ilikuwa katika fremu. Fremu ya Colt ilikuwa kipande kimoja cha chuma kilichoizunguka silinda pande zote, na mtutu ukakazwa kwa hesi katika fremu hiyo. Ili kuondoa maganda yaliyotumika, askari alifungua kilango kidogo upande wa kulia, akasukuma ganda moja moja kwa kijiti cha chuma kilichokaa chini ya mtutu, huku akiizungusha silinda kwa mkono. Bastola ya Smith & Wesson ilivunjika kwa kukunjwa: mtutu na silinda viliinamia mbele juu ya bawaba, na papo hapo kifaa cha umbo la nyota kikayatoa maganda yote sita kwa pamoja. Mpanda farasi aliyeishika hatamu kwa mkono mmoja angeweza kuona faida yake bila kuelezwa.

Hapa ndipo suala la shabaha linapoingia. Bastola ya silinda ina tatizo ambalo bunduki ya kawaida haina: chemba ni sita, mtutu ni mmoja. Kila mara silinda inapozunguka, chemba lazima isimame sawasawa nyuma ya mtutu. Ikipishana nao hata kidogo, kichwa cha risasi huingia kikiwa kimekwanguliwa upande mmoja na hupotoka njiani. Pia ipo nafasi nyembamba kati ya silinda na mtutu, na ikipanuka, nguvu ya baruti huvujia pembeni. Kwa hiyo ulengaji wa bastola si sifa ambayo chuma hupewa kiwandani mara moja kikabaki nayo. Hutegemea jinsi sehemu zinavyoshikana, na kushikana huko hupungua kadiri silaha inavyotumika.

Bastola mpya ya Smith & Wesson, iliyotengenezwa kwa uangalifu mkubwa, ilikuwa na sifa ya ulengaji ambayo wachache waliipinga. Sehemu ya sifa hiyo ilitokana na mteja wa mbali. Mwaka 1871 serikali ya Urusi iliagiza bastola 20,000, ikafuatiwa na maagizo mengine hadi jumla ikapita laki moja. Warusi hawakuikubali risasi ya awali, ambayo kichwa chake kilikuwa kipana sawa na ganda na mafuta yake yalikaa nje yakinasa vumbi. Walitaka kichwa kiingie ndani ya ganda pamoja na mafuta yake. Risasi iliyozaliwa kwa agizo hilo, inayojulikana hadi leo kama .44 Russian, iliwavutia walengaji mashuhuri wa mwisho wa karne ya 19. Miongoni mwao alikuwa Walter Winans, Mmarekani mzaliwa wa St. Petersburg aliyeishi Uingereza, ambaye baadaye alitwaa medali ya dhahabu ya kulenga shabaha katika Olimpiki ya 1908 na nyingine ya uchongaji mwaka 1912.

Lakini bawaba na komeo vilivyoiwezesha bastola hiyo kukunjwa ndivyo vilivyoitia shaka machoni pa maofisa wa silaha. Kila inapofunguliwa na kufungwa, chuma husuguana na chuma. Komeo likilegea, mtutu hucheza, na mtutu ukicheza shabaha imekwenda. Colt haikuwa na kiungo cha namna hiyo. Springi zake bapa zilikatika, hilo lilijulikana, lakini vipande vyake vilikuwa vichache, na bastola iliyoharibika sehemu moja mara nyingi iliweza kuendelea kufyatuliwa. Katika majaribio yaliyofanyika kwenye karakana ya serikali ya Springfield, silaha zilipigwa mfululizo, zikatiwa vumbi na kuachwa zishike kutu, kisha zikapigwa tena. Kapteni John Edie, aliyelinganisha Colt na mpinzani wake, aliegemea upande wa Colt kwa sababu ya wepesi wa muundo wake. Hakudai kwamba ndiyo inayolenga vizuri zaidi ikiwa mpya. Hoja yake ilihusu hali ya silaha baada ya kupita katika mikono mingi.

Hoja hiyo haikumaliza mjadala, kwa kuwa bastola ya Smith & Wesson ilipata mtetezi ndani ya jeshi lenyewe. Meja George Schofield alikuwa afisa wa Rejimenti ya 10 ya wapanda farasi, iliyoundwa mwaka 1866 kwa askari Weusi chini ya maofisa Wazungu. Ndio walioitwa askari wa nyati. Schofield alirekebisha Model 3 kwa mahitaji ya nyikani. Rekebisho lake kuu lilikuwa kulihamisha komeo kutoka kwenye mtutu na kulitia kwenye fremu, ili mpanda farasi aweze kuifungua bastola kwa mkono mmoja, na ili sehemu inayochakaa iwe rahisi kubadilishwa. Jeshi lilikubali muundo wake mwaka 1875 na kununua zaidi ya 8,000. Colt zilizonunuliwa hadi mwanzoni mwa miaka ya 1890 zilifika takriban 37,000.

Kilichoiangusha Schofield ni risasi, na hapa historia inaacha uwanja wa mhandisi na kuingia katika ghala. Ganda la risasi ya .45 ya Colt lilikuwa na urefu wa inchi 1.285 na ukingo mwembamba. Silinda ya Schofield ilikuwa fupi mno kwa risasi hiyo, na nyota yake ilihitaji ukingo mpana wa kushika. Kiwanda, kikiwa kimezama katika maagizo ya Urusi, hakikurefusha silinda. Kwa hiyo jeshi likatengeneza risasi fupi zaidi, ya inchi 1.10, yenye greni 28 za baruti na kichwa cha greni 230, ambayo iliingia katika bastola zote mbili. Kwenye karatasi tatizo lilikuwa limekwisha. Lakini risasi ndefu zilikuwa zimekwisha kusambazwa, na bastola moja ilizikubali aina zote mbili ilhali nyingine ilikubali moja tu. Kikosi chenye Schofield kikipelekewa sanduku la risasi ndefu, bastola zake zilikuwa vyuma vitupu. Kikosi chenye Colt kingepiga chochote kilichofika.

Ndiyo maana napendekeza tulitenge neno uimara katika maana tatu ambazo wanahistoria huzichanganya. Kuna uimara wa chuma: je, fremu itapasuka, springi itakatika? Kuna uimara wa shabaha: je, bastola itaendelea kulenga mwaka wa tano kama ilivyolenga siku ya kwanza? Na kuna uimara wa ugavi: je, itaendelea kulishwa? Schofield ilikuwa na hoja nzuri katika ile ya kwanza, na rekebisho la komeo lilikuwa jaribio la dhati la kuijibu ya pili. Katika ya tatu ilishindwa, na kushindwa huko hakukuwa na uhusiano wowote na ubora wa kazi ya fundi wake.

Msomaji anayeifahamu historia ya pwani yetu hatashangaa. Misafara ya karne ya 19 iliyotoka Bagamoyo na bandari nyinginezo kwenda bara ilibeba magobori kwa wingi. Gobori halikuwa na shabaha ya kutajika, lakini lilikula baruti ya biashara na risasi iliyoweza kusubuliwa popote penye moto na madini, na mhunzi wa kijiji aliweza kulitengeneza. Bunduki ya kisasa bila risasi zake za kiwandani ilikuwa rungu la gharama. Dola za Ulaya zililielewa jambo hili vizuri. Mkataba wa Brussels wa Julai 1890, ambao Zanzibar nayo ilikuwa miongoni mwa waliohusika, uliweka mpaka wa biashara ya silaha katika sehemu kubwa ya Afrika, kati ya latitudo ya 20 kaskazini na ya 22 kusini. Gobori la jiwe lisilo na mikunjo ndani ya mtutu liliweza kuruhusiwa chini ya masharti; bunduki za shabaha na risasi zake zilizuiwa. Kwa maneno mengine, usahihi wa silaha uligeuzwa kuwa kigezo cha kisheria cha nani atawale na nani atawaliwe.

Jambo hilo linatuwajibisha kuuliza bastola zile mbili zilijaribiwa kwa ajili gani. Vumbi la karakana ya Springfield liliwakilisha nyika ambako jeshi lilikuwa likiwanyang'anya wenyeji ardhi yao. Katika pigano la Little Bighorn, tarehe 25 Juni 1876, wanajeshi wa Rejimenti ya 7 walikuwa na Colt viunoni. Wapo wanaobishana kama bastola inayojazwa haraka ingewaokoa. Mabishano hayo yanalipa chuma uzito usio wake, kwani walioangamia siku ile walizidiwa idadi na kuzidiwa mbinu na Walakota na Wacheyenne. Tena kumbukumbu za majaribio ni kumbukumbu za maofisa. Rai ya askari Mweusi wa Rejimenti ya 10, ambaye angeibeba silaha iliyorekebishwa na meja wake, haikutafutwa.

George Schofield alijiua mwaka 1882 katika kituo cha Fort Apache, Arizona. Bastola zenye jina lake ziliuzwa na jeshi kama masalio, na baadhi zikafupishwa mitutu na kutumiwa na walinzi wa kampuni ya Wells Fargo. Mwaka 1892 jeshi likachukua bastola mpya ya Colt ya kipenyo cha .38, iliyofyatuliwa bila nyundo kuvutwa kwanza. Malalamiko kuhusu udhaifu wa risasi yake yalipozidi katika vita vya Ufilipino, Colt za mwaka 1873 zilitolewa maghalani, zikakatwa mitutu hadi inchi tano na nusu, zikapelekwa tena kazini. Ziliweza kurudi kwa sababu zilikuwa bado nzima, na pia kwa sababu risasi zake zilikuwa bado zinatengenezwa. Anayetaka kuamua ipi kati ya bastola zile mbili ilikuwa bora hana budi kuzihesabu sababu zote mbili.