Njia za Miguu Kutoka Vilima vya Gusii Hadi Ghuba ya Winam

Mto Gucha huanzia katika nyanda za juu za Nyamira, hupita Ogembo, kisha huteremka kuelekea magharibi na kusini mpaka ukutane na Mto Migori. Na mito hiyo miwili ikiisha kuungana huingia katika Ziwa Victoria. Mgeni akiitazama ramani aweza kudhani kwamba mtu wa Ogembo aliyetaka kufika majini zamani alikuwa na kazi ya kufuata mto tu. Lakini sivyo. Gucha humwaga maji yake katika ziwa kuu, kusini ya mdomo wa Ghuba ya Winam, ilhali njia za wazee ziliuacha mto nyuma, zikapita juu ya mgongo wa kilima baada ya kilima kuelekea kaskazini na magharibi, ndipo zikashuka ghubani, penye miji ya Kendu na Homa Bay leo. Njia ikikataa mteremko na kuchagua mpando, hapana shaka ipo sababu.

Tuanze na nchi yenyewe. Ghuba ya Winam, ambayo katika siku za ukoloni iliitwa Ghuba ya Kavirondo, ni mkono wa ziwa ulioingia ndani ya bara kuelekea mashariki hadi Kisumu. Uso wa ziwa uko kiasi cha meta 1,134 juu ya usawa wa bahari. Mji wa Kisii uko karibu meta 1,700, na vilima vingine vya Gusii ni virefu zaidi. Mtu akisimama juu ya ukingo wa Manga asubuhi isiyo na ukungu huyaona maji yale yakimetameta mbali chini, kama bati jipya juani. Vilimani mvua hunyesha kwa wingi, zaidi ya milimita 1,500 kwa mwaka, na udongo ni mzuri. Pwani ya ghuba ni nchi ya joto, na mvua yake haitegemeki; lakini ina majani, nayo ilifaa kwa mifugo. Basi juu kulikuwa na wimbi ghalani, na chini kulikuwa na ng'ombe malishoni. Tofauti hiyo ndiyo iliyoikanyaga njia. Mgusii huiita njia enchera, na Mjaluo huiita yo. Na ingawa lugha hizi mbili hazina undugu, njia yenyewe ilikuwa moja.

Hapa yafaa tukae kidogo, kwa maana jambo hili ni kubwa kuliko linavyoonekana. Nafaka ilipokuwa nyingi vilimani, na hasa ukame ulipoipiga nchi ya chini, wimbi lilibadilishwa kwa mifugo. Mbuzi aliyepatikana hivyo aliweza baadaye, pamoja na wenzake, kubadilishwa kwa ndama. Ndama akakua, akazaa, akaingia katika hesabu ya mahari. Kwa hiyo jembe la mama, lililolima shamba la wimbi katika mteremko wa Majoge au Kitutu, lilimwoza mwanawe. Tukisema kwamba historia ni habari za wakuu na vita tu, tutamwacha nje mwanamke huyu mwenye kikapu kichwani, naye kwa maoni yangu ndiye mjenzi wa kwanza wa barabara katika nchi hii. Hakuchimba wala hakupima. Alipita tu, na binti yake akapita, mpaka udongo ukawa mgumu na majani yakakata tamaa ya kuota.

Njia hizi zilifuata migongo ya vilima kwa akili nyingi. Mabonde ya Gusii yalikuwa na vinamasi, na mwenye mzigo hapendi matope. Tena aliye juu huona mbali, nalo lilikuwa jambo la maana, kwa kuwa haikuwa biashara siku zote. Wanyang'anyi wa ng'ombe walipita njia zile zile. Ndiyo sababu vijana wa Kigusii waliishi pamoja katika kambi za kulinda mifugo, zilizoitwa ebisarate, mikuki yao ikiwa karibu. Njia moja iliwaleta mteja, mkwe na adui, na aliyekuwa kilimani alipaswa kujua mapema ni yupi anayekuja.

Basi tusikubali neno la wale waliosema kwamba vilima hivi vilikuwa nchi iliyofungwa hata wageni walipoifungua. Hata masimulizi ya asili ya Wagusii ni masimulizi ya mwendo: yasema kwamba babu zao walitoka upande wa Mlima Elgon, wakakaa karibu na ghuba, wakapita nchi ya Kano, wakafika Kabianga kabla ya kupanda katika vilima vyao vya sasa. Walioshuka ghubani na wimbi walikuwa wakiikaribia tena nchi waliyoipita babu zao.

Reli kutoka Mombasa ilifika Kisumu mwaka 1901, na tangu hapo ghuba ikapata kazi mpya. Mwaka 1906 wamisionari Waadventista walianza kituo Gendia, karibu na Kendu, na kufika mwaka 1912 walikuwa wamepanda hadi Nyanchwa, kando ya mji wa Kisii. Serikali ya Kiingereza ilikuwa imetangulia: ilipeleka askari dhidi ya Wagusii mwaka 1905, ikaweka boma mwaka 1907 mahali palipoitwa Getembe, na kodi ikaanza kudaiwa. Januari 1908 Otenyo, kijana wa Kitutu, alimchoma mkuki ofisa wa serikali, Northcote, aliyekuwa safarini. Ofisa alipona, lakini askari walirudi, wakachoma nyumba na kuchukua ng'ombe wengi. Ng'ombe ambao vizazi viwili viliwakusanya kwa vikapu vya wimbi waliondoka kwa siku chache.

Vita Kuu ilipoanza, Wajerumani waliingia Kisii kutoka kusini, Septemba 1914. Askari wa Keya walivushwa ghuba kwa meli kutoka Kisumu, wakashuka Kendu, wakapanda vilima kwa miguu hadi Kisii, ambako walipigana tarehe 12 mwezi ule. Tazama jinsi bunduki na bendera zilivyopita katika mapando yale yale ya wenye vikapu. Baadaye barabara ya magari ilitengenezwa, na mazao ya Gusii yakawa yakishuka kwa gari mpaka gatini, yakavushwa kwa meli hadi Kisumu. Kisha barabara nyingine za nchi kavu zikapata nguvu, na gati la Kendu likapungukiwa na kazi.

Huko Scotland pia bahari imeingia kati ya vilima kwa mikono mirefu, ambayo wenyeji huiita loch. Wachungaji wa kule waliswaga ng'ombe kwa njia za vilimani hadi minada ya Crieff na Falkirk, mpaka reli ilipowaondolea kazi katika karne ya 19. Leo njia nyingi za namna hiyo hutembelewa na watu kwa starehe, na sheria ya mwaka 2003 humpa kila mtu haki ya kupita katika sehemu kubwa ya ardhi, maadamu hafanyi uharibifu.

Kwetu hali ni ngumu zaidi. Hesabu ya watu ya mwaka 2019 ilionyesha kwamba kaunti ya Kisii ina watu zaidi ya 900 katika kila kilometa moja ya mraba. Mashamba yalipimwa na kupewa hati, kila mtu akapanda ua wake, na urithi ukayagawa tena na tena. Njia iliyokuwa na upana wa ng'ombe wawili imekuwa uchochoro kati ya migomba na chai. Mahali pengine imekatwa kabisa, na watoto huzunguka mbali kwenda kisimani au shuleni. Hata hivyo Sheria ya Usajili wa Ardhi ya mwaka 2012 yasema kwamba haki ya kupita iliyokuwako wakati shamba lilipoandikishwa mara ya kwanza humfunga mwenye shamba, hata kama haikuandikwa katika hati yake. Lakini haki isiyoandikwa huhitaji shahidi, na mashahidi wa njia hizi ni wazee waliozipita wakiwa watoto, nyuma ya mbuzi wa baba zao. Wakiulizwa leo hutaja kila kivuko, kila mti wa kupumzikia na kila kilima kwa jina, kutoka Gucha hadi ghubani.