Mifupa Ndani ya Picha

Historia ya Mount Dennis husimuliwa kwa Kodak. Kampuni hiyo ilinunua ardhi hapa mwaka 1912, ikajenga kiwanda, na mtaa ukaishi kwa filamu na karatasi za picha hadi kilipofungwa mwaka 2005. Lisilosimuliwa sana ni habari ya mifupa.

Katika picha ya zamani, chembe za fedha zinazoichora hushikwa na jelatini. Jelatini hupatikana kwa kuchemsha mifupa na ngozi za wanyama, ambamo mna protini iitwayo kolajeni. Sisi binadamu pia tunayo. Kolajeni ya mifupa yetu ni nyuzi tatu zilizosokotwa kama kamba: mbili hutengenezwa kwa maelekezo ya jeni COL1A1, iliyo kwenye kromosomu ya 17, na ya tatu kwa COL1A2, kwenye kromosomu ya 7. Jeni hizo zikiwa na kasoro, mifupa huweza kuvunjika kwa urahisi.

Jelatini nayo ina udhaifu wake: hunyonya unyevu, ikavimba, na kuvu huila. Picha za babu na bibi zetu zilizopigwa Mombasa au Unguja zimo hatarini hivyo hivyo.

Jengo namba 9 la Kodak, la mwaka 1940, limehifadhiwa, sasa ni sehemu ya kituo cha treni. Albamu za nyumbani zinatungoja sisi. Tuziweke pakavu, tuulize majina ya waliomo, tuyaandike kabla wanaoyajua hawajatutoka.