Kifaru Kilichong'oa Miti

Mabeshte, juzi hapa Timbwani fundi mmoja alikwama na mashine yake ya kupasulia magogo. Injini ya pampu, mnyororo wa pikipiki, puli hata haijulikani imetoka wapi. Asipoijua hapati spea, na unga wake uko hapo. Watu wakacheka, ati jua kali.

Mie sikucheka. 1947 Waingereza walianza mradi wa karanga Kongwa, Tanganyika, matrekta ya kufyekea pori yakawa hayatoshi. Vickers wakachukua vifaru vya vita vya Sherman, wakavigeuza trekta, wakaziita Shervick. Jina lenyewe kiraka! Zikaharibika ovyo. 1951 mradi ukafa na pauni kama milioni 36. Hao mwawaita mainjinia.

Puli tumeijua lakini: ya mashine ya kusaga unga.