Amplifaya ya Kiwanda: Kenye Unafaa Kujua Kabla Ubadilishe Redio ya Benz, BMW ama Crown ya Zamani

Disemba ikifika Kisii, barabara hujaa ndai za wasee wamekuja ushago: Mercedes E-Class, BMW 5 Series, Toyota Crown, Nissan Fuga. Zingine hazirudi Nairobi. Zinauzwa huku huku, na msee wa Nyanchwa ama Keroka anajipata na gari ya kibuda kwa bei inakaribiana na ya gari ndogo. Bodi iko fiti, viti ni ngozi, lakini redio imekwama enzi za CD. Hakuna Bluetooth, hakuna USB, na simu yako imejaa ngoma.

Kitu ya kwanza wengi hufanya ni kununua redio ya skrini na kumwambia fundi "weka". Kwa Probox ama Fielder hiyo ni kazi ndogo. Kwa gari ya kifahari, mara nyingi redio haiendeshi spika kabisa. Kazi hiyo inafanywa na boksi ingine, amplifaya ya kiwanda, imefichwa mahali hujawahi angalia. Ukiipuuza utapata moja kati ya haya matatu: gari inanyamaza, ngoma inakoroma, ama redio mpya inachomeka.

Kwa hivyo kabla utoe hata ndururu, jibu swali moja: hiyo amplifaya unaiacha, unairuka, ama unaitoa?

Hizi gari ziliundwa aje?

Bose ndio walifungua hii njia na General Motors, kwa gari za 1983 kama Cadillac Seville. Badala ya kuweka redio na spika za kawaida, walipima ndani ya gari na kutengeneza amplifaya na spika za hiyo gari pekee. Baadaye kila kampuni kubwa ikaingia. BMW na Mercedes walienda na Harman Kardon, Lexus wakachukua Mark Levinson, Nissan wakabaki na Bose kwa Fuga na Skyline.

Hiyo ndoa ndio inakusumbua leo. Amplifaya inajua spika zake. Inapunguza besi ukiongeza sauti ili spika zisipasuke, inatuma sauti za juu kwa twita na za chini kwa wufa. Spika zenyewe nazo si za kawaida. Za dukani nyingi ni ohm 4, lakini za Bose na wenzake zinaweza kuwa ohm 2 ama chini ya hapo. Ohm zikiwa chache, spika inavuta umeme mwingi. Redio ya dukani yenye imeundwa kwa ohm 4 itashika joto, ijizime, na mwishowe iungue.

Hatua ya kwanza: tafuta boksi

Toa paneli za pembeni mwa buti, angalia chini ya viti vya mbele na chini ya ubao wa nyuma wenye spika. Ukipata boksi la chuma lenye mapezi ya kupoza joto na soketi yenye waya kibao, umelipata. Kama kuna jina Bose, Harman Kardon ama Mark Levinson kwa kifuniko cha spika ya mlango, anza ukijua liko mahali.

Ukiwa hapo, pima spika. Chomoa spika moja ya mlango, weka multimita kwa ohm. Ikisoma kama 3 hadi 3.6, hiyo ni spika ya ohm 4. Ikisoma kama 1.5 hadi 1.8, hiyo ni ya ohm 2. Hiyo namba moja itakuokolea doo mob.

Pia angalia aina ya waya. BMW E60 (5 Series ya 2003 hadi 2010) na Mercedes W211 (E-Class ya 2002 hadi 2009) hutumia faiba, mfumo unaitwa MOST. Sauti inasafiri kama mwanga kwa kawaya kembamba ka plastiki, na vifaa vyote vimeungwa kwa duara. Ukichomoa kimoja, duara inakatika na vyote vinanyamaza: redio, simu, ramani. Si ati umeharibu gari. Kuna kiplagi kidogo cha kufunga duara mahali kifaa kimetoka. Lakini fundi akikata hiyo faiba na makasi, hapo umeingia gharama. BMW za nyuma kama E39 na E46 zina waya za kawaida, kwa hivyo kazi ni rahisi.

Njia ya kwanza: acha amplifaya, badilisha redio

Hii ndio ya bei nafuu na kwa wasee wengi inatosha. Unanunua adapta ya waya ya model yako, hukati kitu. Adapta inashusha nguvu ya redio mpya ifike kiwango amplifaya imezoea.

Kuna waya moja hapa huleta drama: ile ya buluu yenye mstari mweupe. Kazi yake ni kuamsha amplifaya redio ikiwaka. Isipoungwa, skrini itawaka vizuri na spika zitakaa kimya kama kanisa Jumatatu. Mafundi wengi hapo hudhani amplifaya imekufa na kukuuzia ingine. Mwambie apime hiyo waya kwanza: redio ikiwa on inafaa kusoma karibu volti 12.

Kwa gari za faiba, adapta ya kawaida haifanyi. Unahitaji kisanduku cha kutafsiri faiba, ama skrini iliyoundwa kukaa pamoja na mfumo wa hiyo gari. Ukikosa hizo, acha redio ya kiwanda mahali iko, tumia tundu la AUX kama lipo, uweke kipokezi cha Bluetooth hapo. Kile kidude cha kurusha FM kutoka kwa plagi ya sigara ni cha dharura tu. Sauti yake haitawahi fika ya AUX.

Njia ya pili: ruka amplifaya

Hapa redio mpya inaendesha spika moja kwa moja. Fanya hivi tu kama amplifaya imekufa na multimita imekuambia spika ni za ohm 4. Kama ni za ohm 2, badilisha spika pia, ama uachane na hii njia.

Usidanganywe na maandishi "50W x 4" kwa boksi la redio. Hiyo ni nguvu ya kilele, ya sekunde tu. Nguvu ya kweli ya redio nyingi ni kama wati 15 hadi 22 kwa kila spika. Amplifaya ya kiwanda yenye umeruka inaweza kuwa ilikuwa inatoa zaidi. Ndio maana watu huweka redio mpya na kushangaa mbona besi imepotea.

Njia ya tatu: toa yote, anza upya

Hii ni ya msee anataka ngoma idunde kabisa: amplifaya mpya, spika mpya, wufa kwa buti. Ukiacha redio ya kiwanda, utahitaji prosesa ya sauti, ile huuzwa kwa jina DSP. Sababu ni kwamba sauti inayotoka kwa amplifaya ya kiwanda imeshakatwakatwa. Ukichukua waya ya wufa ya mlango pekee, utapata besi bila sauti ya msanii. Prosesa inajumlisha vipande na kunyoosha kenye kiwanda kilipinda.

Umeme ndio unafaa kuheshimu zaidi. Chukua amplifaya ya wati 300 za kweli. Inapoteza kama asilimia 20 kwa joto, kwa hivyo inavuta wati 375. Gawa kwa volti 13.8 za injini ikiwaka: unapata kama ampea 27. Fyuzi ya 30 inatosha, na waya ya geji 8 ya shaba tupu inabeba bila kushika moto. Zile waya nene za bei ya kutupa mara nyingi ni aluminiamu imepakwa shaba. Kwaruza ncha na kisu: ikiwa nyeupe ndani, umeuziwa hewa.

Fyuzi ikae karibu na betri, ndani ya sentimita 45. Kazi yake ni kulinda waya, kwa sababu waya ikikwaruzika na kugusa bodi mahali hakuna fyuzi, gari inawaka. Usikubali "tutaweka baadaye".

Kwa E60 na W211 betri kubwa iko kwa buti, kwa hivyo waya ni fupi. Lakini E60 ina sensa kwa ncha ya hasi ya betri. Waya ya athi ya amplifaya isifungwe hapo. Ifungwe kwa bodi, mahali rangi imekwaruzwa hadi chuma kionekane. Athi mbaya ndio huleta ile sauti ya "wiiii" inapanda ukikanyaga mafuta.

Mambo ya huku kwetu

Kisii mjini iko karibu mita 1,700 juu ya bahari na mvua hunyesha karibu mwaka mzima. Kwa gari ya miaka 15, raba ya buti imechoka na mifereji ya dirisha la paa imeziba na majani. Maji yanateremka polepole hadi sakafu ya buti, palepale amplifaya inakaa. Kabla ulaumu redio, inua zulia la buti. Kukiwa na unyevu ama kutu, ziba hiyo leki kwanza, kwa sababu amplifaya mpya itakufa vilevile.

Gari ya kutoka Japani ina story yake. Redio zao za zamani zinaishia 90 MHz, na bendi yetu ni 87.5 hadi 108. Ndio maana wengi wamewekewa ekspanda kwa waya ya antena. Ukiweka redio mpya, hiyo ekspanda itolewe, la sivyo stesheni zitasoma namba za uongo ama zipotee. Kwa BMW na gari zingine za Ulaya, antena ina kiamplifaya chake kinahitaji umeme. Adapta ya antena bila hiyo waya itakuacha bila Egesa FM ukiingia kwa mabonde ya Nyamira.

Na betri: kuichomoa kabla ya kazi ni lazima, hasa karibu na soketi za manjano, kwa sababu hizo ni za airbag na hazipimwi na taa ya fundi. Lakini redio nyingi za Toyota kutoka Japani hujifunga betri ikitoka na kuitisha kodi ama kadi ya ramani. Mercedes za zamani pia zinaweza kuitisha kodi. Kama unapanga kubaki na redio ya kiwanda, tafuta kodi kwanza.

Kabla ulipe fundi

Muulize maswali manne. Amplifaya ya kiwanda iko wapi? Spika zimesoma ohm ngapi? Utatumia adapta ama utakata waya? Fyuzi itakaa wapi? Mwenye anajibu bila kusita, mpe kazi, hata kama ameitisha doo kidogo zaidi. Mwenye anasema "hizo si lazima", mwachie Probox.

Kazi ikiisha, usijaribu na ngoma ya besi pekee. Weka kitu chenye ala za kweli. Obokano, kile kinubi kikubwa cha Abagusii, ni mtihani mzuri: ni nzito, lakini kila uzi unafaa kusikika peke yake na sauti ya mwimbaji ikae juu yake. Ukisikia tope moja tu, rudi kwa fundi kabla hajatumia doo yako. Na ukipita mtaani usiku, punguza. Kanuni za kelele za 2009 chini ya NEMA bado ziko, na mathe wa jirani ako na namba ya chifu.