Ziara ya meli Galápagos
Ziara ya meli Galápagos ni safari ya kitalii ya siku chache, mara nyingi nne hadi nane, ya kutazama wanyamapori katika visiwa vya volkeno vya Ekwador, takriban kilomita 1,000 magharibi mwa pwani ya nchi hiyo. Wageni hufika kwa ndege Baltra au San Cristóbal, kisha hupanda meli isiyozidi abiria 100. Kwa kawaida meli husafiri usiku. Asubuhi watu hushushwa kwa mashua za mpira, pengine miguu ikilowa, pamoja na mwongozaji aliyeidhinishwa na hifadhi ya taifa iliyoanzishwa mwaka 1959.

Sharti ni kukaa mita mbili kutoka kwa mnyama, ingawa wanyama wenyewe hawana habari nalo: simba-bahari hujilalia katikati ya njia. Kivutio kisicho na mfano ni iguana wa baharini, mjusi pekee duniani anayejitafutia chakula baharini. Hula mwani, kisha huota jua juu ya miamba myeusi huku akipiga chafya za chumvi, ambayo hukauka na kumganda kichwani kama chokaa. Mnandi asiyeruka hupatikana Fernandina na Isabela tu, visiwa vya magharibi ambavyo si kila ratiba fupi huvifikia.